Maji machafu yanakataa kwenda: tafuta kosa lilipo, lakini usishuke ndani ya fosi

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama mwenye kuchunga nyumba, safari hii tunazungumza juu ya neno ambalo watu wengi wanaona haya kulitaja: maji machafu. Unamwaga maji ya kuosha vyombo, yanabaki ndani ya lavabo yakizunguka pole pole. Unatupa ndoo ya maji mu choo, yanapanda kwanza, yanasimama, kisha yanashuka kwa shida. Inje, karibu na ukuta, kuna harufu. Mutoto anakanyaga mahali penye kulowana, kisha anarudi ndani na kukaa kwenye sahani ya bukari bila kunawa.

Wengi wanangoja. Siku tatu, juma moja, mwezi. Kisha siku ya mapumziko baba anaita shemeji yake na kijana wa jirani, wanatafuta chuma cha kunyanyulia, wanafungua kifuniko cha fosi, na mumoja wao anashuka na ndoo. Hapo ndipo sisi wa dispansari tunaogopa. Neno la lavabo yenye kukawia limekuwa neno la kufa.

Kwa hiyo tutaonyesha namna ya kujua kosa liko wapi bila kufungua fosi, na tutaeleza sababu gani hakuna mutu wa nyumba anayepashwa kushuka ndani yake, hata kwa dakika moja.

FOSI INAFANYA KAZI GANI?

Wengi wanafikiri fosi septike ni shimo tu la kuwekea uchafu. Sivyo. Ni kama kiwanda kidogo. Mufaransa mumoja wa muji wa Vesoul, jina lake Jean-Louis Mouras, ndiye aliyeandikisha uvumbuzi wa namna hiyo mwaka 1881, na tangu wakati ule mpango wake haukubadilika sana.

Maji ya nyumba yanaingia upande mumoja. Vitu vizito vinashuka chini na kuwa matope. Mafuta na sabuni vinapanda juu na kufanya ukoko. Katikati yanabaki maji yenye kuwa mepesi kidogo, na hayo tu ndiyo yanayopita upande wa pili, kwenda ku shimo lenye kunywa maji, yaani lile shimo la mawe ambalo linaachia udongo kazi ya kuyameza. Ndani ya fosi kuna vijidudu vidogo sana ambavyo haviwezi kuonekana kwa macho. Vinakula uchafu muchana na usiku, bila mushahara, lakini havimalizi yote. Matope yanaongezeka mwaka kwa mwaka. Ndiyo maana fosi ya nyumba ya jamaa inapashwa kupimwa na kunyonywa na kamyo kila miaka 3 au 5, mbele kama watu wa nyumba ni wengi. Na tunajua vizuri kwamba nyumba iliyojengwa kwa watu sita, leo inalaza kumi na wawili.

Kumbuka basi njia yote: lavabo na choo, tiyo, kisanduku cha simenti inje ya nyumba (wengi wanakiita regare), fosi, shimo lenye kunywa maji. Maji yakikawia, kosa liko mahali pamoja kati ya hizo. Kazi yako ni kujua mahali gani.

SIKILIZA NYUMBA YAKO

Fundi wa mashini mbele ya kufungua motere anasikiliza kwanza. Wewe pia, fanya hivyo.

Ulizo la kwanza: ni lavabo moja tu yenye kukawia, ao yote? Kama ni ya jikoni peke yake, na choo kinakwenda vizuri, usifikiri juu ya fosi. Kosa liko karibu sana, chini ya lavabo yenyewe, mara nyingi mu sifo, ile kona ya tiyo yenye kubaki na maji ili harufu isipande. Tia ndoo chini yake, fungua sifo kwa mukono, safisha, funga tena. Ni kazi ya robo saa, na mwanamuke anaweza kuifanya kama mwanamume.

Kama yote inakawia, na ukimwaga maji jikoni unasikia choo kinalia gulu-gulu, kosa liko mbele zaidi, pale ambapo tiyo zote zimekwisha kukutana. Angalia mahali palipo chini kuliko pengine, kama tundu la sakafu ya bafu. Maji machafu yanapenda kutokea pale kwanza. Yakitokea pale, acheni kumwaga maji mu nyumba, maana kila ndoo mutakayomwaga itawarudilia.

Sasa fanya jaribio ambalo linafaa kuliko yote. Nenda inje, ku kile kisanduku cha simenti kati ya nyumba na fosi. Hicho si kirefu, kwa kawaida hakipiti urefu wa mukono. Nyanyua kifuniko chake, ukisimama upande ambako upepo unatoka, bila sigara na bila watoto. Usiinamishe kichwa ndani. Angalia tu. Kama kisanduku ni kikavu wakati maji yamesimama mu nyumba, basi tiyo imezibwa kati ya nyumba na kisanduku. Kama kisanduku kimejaa maji, kosa liko mbele yake: tiyo ya kuingia ku fosi, ao fosi yenyewe, ao shimo lenye kunywa maji. Rudisha kifuniko mara moja. Kwa dakika tano umekwisha kugawanya njia mara mbili, na hukugusa fosi.

Kisha uliza jirani. Mu kambi nyingi nyumba mbili zenye kugusana zinatumia fosi moja. Kama jirani naye analia, kosa si la nyumba yako. Na kama jirani hajui kitu, musigombane juu ya nani aliyetupa vitambaa, tafuteni kwanza.

Ulizo la mwisho: inakuwa wakati gani? Maji yenye kukawia siku zote, kiangazi na masika, ni alama ya tiyo yenye kuzibwa ao fosi yenye kujaa matope. Maji yenye kukawia nyuma ya mvua kubwa tu, kisha yanakwenda vizuri tena, ni alama ya udongo. Hapa kwetu Katanga mvua inanyesha tangu mwezi wa kumi hata wa nne. Mu Januari na Februari udongo umekwisha kushiba, na shimo haliwezi kunywa zaidi. Utaona majani juu ya shimo yamekuwa mabichi sana kuliko mengine, na ardhi inalowana chini ya kiatu. Usipande mboga pale. Tunajua lengalenga inaota vizuri mahali hapo, lakini mutoto ataila na minyoo yake.

MAMBO YENYE KUZIBA

Jikoni ndiko adui mukubwa anakaa. Mafuta ya ngazi, yakiwa ya moto, yanakwenda kama maji. Lakini usiku wa Juni na Julai, wakati baridi inaingia hata chini ya blanketi, mafuta hayo yanaganda mu tiyo kama sabuni. Kesho yake yanashika ugali uliobaki mu chungu, magamba ya samaki, majani ya sombe. Juma kwa juma tundu la tiyo linakuwa dogo. Mama, dawa yake ni rahisi: mbele ya kuosha chungu, kifute kwa karatasi ao majani, na karatasi hiyo utie mu taka. Na ukipenda kusugua sufuria kwa muchanga na majivu, kama mama zetu walivyofanya, ni vizuri, sufuria inang'aa. Lakini usugue inje, wala usimwage muchanga ule mu lavabo. Muchanga haulali juu ya maji. Unalala mu tiyo, na kule mu fosi hakuna kijidudu chenye kuweza kuula.

Kama mafuta yamekwisha kuganda, mwaga maji ya moto, si yenye kuchemka sana kama tiyo ni ya plastike, pamoja na sabuni, kisha sukuma kwa vantuze, kile kipande cha mupira chenye muti. Ukisukuma, ziba tundu lingine kwa kitambaa chenye maji, kama sivyo pumuzi itatokea huko na nguvu yako itapotea bure. Usitumie fimbo. Fimbo itavunjika ndani, na utakuwa na makosa mawili.

Ku choo neno la kwanza si vitu vyenye kutupwa. Ni maji kidogo. Hii inashangaza watu, lakini ndiyo kweli. Robinet ikikauka, na mama anabeba maji kutoka mbali, kila mutu anapima: kopo moja, makopo mawili. Mukojo unakwenda, lakini uchafu muzito unabaki katika tiyo, unakauka, unashika mwingine. Siku ya tatu hakuna kitu kinachopita. Choo cha kukaa kinataka maji kama litre 6 hata 10 kwa mara moja, yenye kumwagwa kwa nguvu. Ndoo nzima yenye kumwagwa mara moja inafaa kuliko makopo kumi yenye kumwagwa moja moja. Weka ndoo moja ya maji yaliyokwisha kuosha nguo kwa kazi hii. Maji safi ya kunywa, yaweke mbali nayo.

Kisha kuna vitu ambavyo havina njia mu choo: karatasi ya mufuko wa simenti, gazeti, mapampasi ya watoto, vitambaa vya akina mama, nyuzi za nywele, mifuko ya plastike. Weka ndoo ndogo yenye kifuniko karibu na choo. Si haya. Haya ni pale fundi anapovuta vitu hivyo mbele ya majirani wote.

Neno moja ambalo watu wanasahau: tiyo ya kupumua, ile yenye kupanda ukutani kupita bati. Maji hayawezi kushuka vizuri kama hewa haiingii nyuma yake. Geuza chupa yenye kujaa, utaona: maji yanatoka kwa kulia gulu-gulu, pole pole. Ndege akijenga nyumba yake mu tiyo hiyo, ao nyuki wakiingia, nyumba nzima itakawia na kunuka, na hakuna uchafu hata kidogo uliozibwa. Angalia toka chini kama unaona majani ya kitundu. Ukipata waya mwembamba wa imbu, funga juu ya mudomo wake. Imbu weusi wa nyumba, wenye kulia usiku mu sikio, wanapenda kuzaa mu maji machafu ya fosi, na tiyo isiyo na waya ni mulango wao. Hao si imbu wa malaria, kwani wale wanapenda zaidi maji yasiyo na uchafu, lakini mutu aliyekosa usingizi hafanyi kazi vizuri kesho yake.

DAWA ZISIZO DAWA

Tumesikia kila namna. Kuku aliyekufa ili fosi «ianze». Levire ya mukate. Mazutu. Asidi ya batri. Soda kostike kopo zima. Na javeli chupa tatu.

Kuku na levire havifai kitu. Fosi inapokea vijidudu vya kutosha kutoka ku watu wenyewe. Mazutu na javeli nyingi vinaua vijidudu, na fosi inakuwa shimo la matope lenye kujaa upesi. Javeli kidogo ya kuosha choo juma kwa juma haina matata. Soda kostike inachoma macho: ikiruka, jicho linaweza kupotea, na hakuna lavabo yenye kufaa kama jicho. Ikikurukia, osha kwa maji mengi dakika 20 hata 30, mbele ya kufika ku dispansari, si nyuma.

Lakini hatari zaidi ni kuchanganya. Javeli pamoja na asidi, hata ile asidi ya kusafisha choo, inatoa hewa ya klori. Ni hewa ileile ambayo ilitumiwa kuua askari ku Ypres, inchi ya Ubelgiji, mwezi wa nne wa mwaka 1915. Mama mwenye kuinama mu bafu ndogo, dirisha limefungwa, hana nafasi ya kukimbia. Na asidi yenye kumwagwa juu ya matope ya fosi inafungua hewa mbaya zaidi, ambayo sasa tutaieleza.

HEWA YENYE KUKAA NDANI

Wewe mwenye kufanya kazi chini ya ardhi, unajua sheria: nyuma ya kupasua mawe kwa baruti, hakuna mutu anayerudi mbele hewa haijapimwa. Hakuna mukubwa wa kazi anayekuachia uingie kwa sababu wewe ni hodari. Sababu gani basi, ukifika ku nyumba yako, unaingia mu shimo ambalo lilifungwa miaka minne?

Vijidudu vya fosi vinafanya kazi bila hewa safi, na vinapokula uchafu vinatoa hewa za namna tatu. Ya kwanza ni metane, yenye kuwaka. Ikichanganyika na hewa ya kawaida kati ya sehemu 5 na 15 kwa 100, kiberiti kimoja kinatosha kupasua kifuniko. Ndiyo maana tunakataza kuvuta sigara pale, na kutupa gazeti lenye kuwaka «kufukuza harufu». Ya pili ni hewa ileile tunayotoa katika pumuzi, lakini nyingi, yenye kukaa chini na kufukuza oksijeni.

Ya tatu ndiyo muuaji mukubwa. Wanganga wanaiandika H2S. Ni hewa yenye kunuka kama yai bovu. Ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inalala chini mu shimo kama maji. Ikiwa kidogo sana, pua inaisikia. Ikifika sehemu 100 katika milioni, pua inachoka: kwa dakika chache mutu hasikii harufu tena, anasema «Sasa imekwisha, ninaweza kushuka». Haikuisha. Pua ndiyo imekufa. Ikipita 700, mutu anaweza kuanguka kwa pumuzi moja ao mbili, bila kulia, bila kuinua mukono. Na kumbuka kwamba matope yanaificha hewa hii. Fosi iliyoachwa wazi tangu asubuhi inaweza kuonekana salama; mutu anashuka, anakoroga matope kwa pawa, na hewa yote inapanda mara moja.

Sasa sikiliza neno hili zaidi ya yote. Mutu wa kwanza akianguka, wa pili anashuka kumutoa, kwa sababu ni ndugu yake. Anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. Mu Januari 1986, shirika la Marekani lenye kuchunguza usalama wa kazi, NIOSH, lilitangaza kwamba kati ya wafanyakazi wanaokufa mahali pa namna hii, penye kufungwa na pasipo hewa, kupita 60 kwa 100 ni wale waliokwenda kuokoa wengine. Wengi walikufa kwa sababu ya upendo. Tangazo hilo lilisemwa juu ya inchi ile, lakini hewa ya fosi haijui inchi.

Basi kama mutu ameanguka ndani, usishuke. Hata kama ni mutoto wako. Tunajua ni neno gumu kuandika, na gumu zaidi kusikia. Piga kelele, tuma mutu mbio kuita kikosi cha kuokoa cha kompani ao pompiye, wenye vyombo vya kupumua. Fungua vifuniko vyote ili hewa ipite. Kama unaweza kumufikia kwa kamba ao ndoano ukisimama inje, vuta. Akitoka, mulaze mahali penye upepo. Kama hapumui, wenye kujifunza huduma ya kwanza waanze kazi mara moja, wakimusafisha mudomo kwanza. Kitambaa chenye maji juu ya pua hakizuii H2S. Kinyago cha vumbi cha kazini hakizuii pia.

Na angalia vifuniko. Kifuniko kilichopasuka, ao kilichobadilishwa kwa bati na mbao, ni mutego wa mutoto mwenye kukimbiza mupira. Kipakie kitu kizito, zungusha miba, na utoe habari siku ileile.

KWA NDUGU WENYE KULALA MU RULOTE

Vikosi vya sondaji wanaolala porini mu rulote, nyumba za magurudumu, wana matata yao. Hapo hakuna fosi. Kuna matangi mawili chini ya sakafu, moja la choo, lingine la maji ya kunawa na jikoni, na kila moja lina vane yake ya kumwagia. Vane ikifunguliwa na maji yakatoka kama uzi, angalia mambo haya.

Kosa la kawaida ni kuacha vane ya choo wazi siku zote, kwa kufikiri kwamba uchafu utakwenda wenyewe. Maji yanakwenda, uchafu muzito unabaki na kupanda kama kichuguu chini ya choo. Vane ya choo ikae imefungwa mupaka tangi lifike karibu theluthi mbili. Hapo maji yana uzito wa kusukuma yote pamoja. Nyuma ya kumwaga, tia ndoo moja ao mbili za maji ndani mbele ya mutu kutumia choo tena. Kama kichuguu kimekwisha kupanda, jaza maji nusu, tia sabuni ya kuosha vyombo, na uache rulote itembee barabarani: mitikisiko ya njia zetu, kwa mara moja, itakuwa na faida.

Angalia pia tiyo ya kupumua juu ya paa, na tiyo ndefu ya kumwagia: ikikunjwa ao ikilala juu ya mawe na kupanda katikati, maji yatasimama hata kama tangi ni zima. Sindano yenye kuonyesha «kumejaa» usiiamini sana, kwani karatasi moja yenye kushika ndani inaweza kuidanganya. Mwaga kwanza tangi la choo, kisha lile la kunawa, ili maji ya sabuni yaoshe tiyo. Na musimwage kamwe ku muto ao ku bonde lenye maji. Watu wa mugini wanakunywa chini yenu. Chimbeni shimo pahali pakavu, mita 30 ao zaidi mbali na chemchemi ao kisima, mulifukie.

MAJI YAKIPANDA MU NYUMBA

Watoe watoto kwanza. Mwenye kusafisha avae viatu virefu na glove za mupira, na mwenye kidonda ku muguu asiingie. Udongo na maji vifutwe, kisha sakafu ioshwe kwa sabuni, na nyuma yake kwa javeli yenye maji. Vitu vya chakula vilivyoguswa vitupwe, usihurumie unga. Maji ya kunywa yachemshwe siku zile, hata kama robinet ni safi, kwani tiyo ya maji safi yenye kupasuka na maji machafu vikikutana mu udongo mumoja, robinet itayaleta ku kikombe.

Kolera ilifika Afrika mu safari yake ya sasa mwaka 1970, na tunajua kwamba pande za Kalemie na Bukama haikuondoka. Inapita mu maji machafu. Mutu akianza kuharisha maji matupu, usingoje kesho. Mulete ku dispansari, na njiani umunyweshe: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vyenye kusawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Homa yenye kukaa juma moja pamoja na maumivu ya tumbo ni alama ya tifoide; hapo pia, njoo upesi.

UKIITA SERVISO YA MANYUMBA

Usiseme tu «choo kimeharibika». Watatuma mutu mwenye vantuze pale ambapo kunatakiwa kamyo ya kunyonya, na utangoja tena. Sema nambari ya nyumba. Sema kama ni lavabo moja ao yote. Kama kisanduku cha inje ni kikavu ao kimejaa. Kama jirani ana neno lilelile. Kama ilianza nyuma ya mvua. Na mwaka gani fosi ilinyonywa mara ya mwisho, kama kuna mwenye kukumbuka. Andika yote ku karatasi, umupe mutoto mwenye kusoma ayapeleke ku ofisi, na umwambie arudi na jina la fundi atakayekuja. Mbele fundi hajafika, ondoa mbuzi na kuku karibu na vifuniko, na uache njia wazi kwa kamyo.